Mlima Wenye Maji Juu

Cecil alikuja kunieleza habari za ziwa siku ambayo nilikuwa nimetoka kuteka maji. Hapo tu utajua mwanamume huyu ana akili za namna gani.

Mashine ya kusukuma maji ilikuwa imeharibika, wiki ya tatu sasa, na sisi watu wa Newala tulikuwa tumerudia kazi ya bibi zetu: kushuka bondeni na ndoo, kupanga foleni kisimani, kisha kuupanda mlima jua likiwa limeshawaka. Mimi Agatha, fundi cherehani mwenye wateja hadi Masasi mjini, niliingia uani kwetu saa saba mchana, shingo imezama mabegani, kanga imelowa mgongoni. Nikamkuta Cecil amekaa kwenye kigoda cha Mama, ananawa mikono ili ale ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha. Alikuwa ananawa kwa maji yangu ya jana, na yaliyobaki kwenye bakuli akayamwaga mchangani.

Nilimwangalia akimwaga. Hata hakujua amefanya nini. Miaka saba ya kukaa Tukuyu, ambako anasema mvua hainyamazi, ilikuwa imemharibu.

Mjomba Nikolao alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kukunja, kivulini. Kwetu, kama hujui, msichana ana baba, lakini mwenye neno ni mjomba. Cecil ni mtoto wa Chiwata na hilo analijua, kwa hiyo posa yake aliileta kwa Mjomba, hakuhangaika na baba yangu anayeishi Nanganga na mke mwingine. Mjomba aliipokea, akanipa wiki mbili nitoe jibu. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho, na jibu nilikuwa sina. Nilikuwa na hasira tu, na ndani ya hasira mlikuwa na kitu kingine ambacho sikutaka mtu akione.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Tua ndoo, uje usikie vichekesho."

Mama alinisaidia kutua. Cecil akasimama, akanitazama kwa yale macho yake. Nikwambie ukweli, macho hayo ndiyo yaliyonifanya niwakatae wanaume watatu wenye nyumba za bati. Nilimpita, nikakaa mkekani mbali naye.

"Pole na maji, Agatha," akasema.

"Umeshayamwaga, pole ya nini?"

Akatazama mchanga uliolowa, akaona haya. Kisha akatoa daftari mfukoni mwa koti. Koti! Mwezi wa tisa, Newala, mtu amevaa koti la mtumba lenye vifungo vya dhahabu. Tangu mambo yawe ruksa na marobota ya mitumba yaanze kushuka, kila mwanamume aliyetoka mbali hurudi amevaa kama mwenyekiti wa benki.

"Mama, Mjomba, na wewe Agatha," akaanza, "nimeona kabla ya jibu niseme jambo moja. Siku hizi watu wakioana wanakwenda fungate. Wanasafiri. Sasa mimi nimepanga safari fupi. Siku tatu tu. Nataka nimpeleke Agatha akaone Ziwa Ngosi."

"Ndiyo nini?" Mjomba akauliza.

"Ni ziwa, Mjomba. Liko juu ya mlima, upande wa Tukuyu."

Mama, aliyekuwa anamenya ming'oko, akasimamisha mikono. "Maji yako juu ya mlima?"

"Ndiyo, Mama. Mlima ulipasuka zamani sana, ukabaki shimo. Ndani ya shimo ndimo lilimo ziwa. Unapanda msituni kama saa nzima, ukifika juu kabisa unaliona kule chini, kijani, limetulia."

"Watu huchota?"

"Hapana, Mama. Kulifikia ni taabu."

"Wanavua samaki?"

"Sijasikia."

"Hawachoti, hawavui. Sasa wanafanya nini?"

Cecil akameza mate. "Wanaangalia."

Mjomba Nikolao alicheka mpaka kiti kikalia. Alicheka akapiga paja, akafuta machozi kwa kiganja, akaanza upya. Mimi sikucheka. Nilikuwa nazitazama ndoo zangu mbili, kazi ya tangu alfajiri, na kumwaza mtu anayepanda mlima kwenda kuangalia maji, halafu anashuka mikono mitupu. Kwa kweli penye miti hapana wajenzi.

"Hebu tusomee hiyo safari," nikasema.

Akadhani nimependa. Akafungua daftari, akasoma kwa sauti ya katibu wa mkutano. Masasi hadi Tunduru kwa lori, siku moja kama halikukwama. Tunduru hadi Songea, siku moja. Songea hadi Makambako, hapo kuna basi zuri. Makambako hadi Mbeya na Tukuyu, siku ya nne. Alikuwa ameandika na vitu vya kubeba: sweta mbili, blanketi, mkate, chupa ya chai. Na pembeni, kwa herufi ndogo, viatu.

"Siku nne za kwenda," nikasema.

"Ndiyo."

"Nne za kurudi."

"Ndiyo, lakini..."

"Siku nane za kula vumbi, niangalie maji siku tatu. Na hiyo unaiita safari fupi. Cecil, kule Tukuyu walikufundisha hesabu gani?"

"Agatha, siyo maji. Ni ziwa."

"Na ndani ya ziwa mna nini?"

Mama alijificha uso kwenye ukaya wake wa kichwani asionekane anacheka.

"Halafu fungate," Mjomba akadakia, "watu hukaa ndani. Bibi harusi anapikiwa, anasingwa, anapumzishwa. Wewe unataka kumpakiza juu ya lori la korosho kama gunia. Kijana, mkwe kwetu huja na jembe. Mimi mwenyewe nilipooa kule Lupaso nilimlimia mama mkwe wangu misimu miwili, sikumletea habari za maziwa."

"Kulima nitalima, Mjomba. Sikukataa."

"Kwa koti hilo?"

Hapo nilimwonea huruma kidogo, nikaikasirikia huruma yenyewe. Maana nilimkumbuka Cecil wa zamani, fundi wa magari mwenye grisi hadi masikioni, aliyenisindikiza kutoka kanisani akinichekesha njia nzima. Aliondoka kwenda kufanya kazi kwenye karakana ya shamba la chai, akaniahidi mwaka mmoja. Aliandika barua miaka miwili. Kisha barua zikakatika kama uzi. Miaka mitano, hakuna hata salamu. Nikashona magauni ya harusi ya wasichana niliowazidi umri, nikayashona vizuri, nikatabasamu. Halafu bwana anatokea, ana daftari.

"Mbona ziwa hilo tu?" nikamuuliza. "Kama ni kuangalia maji, si unipeleke Mtwara, bahari ipo, na siku ya pili tumesharudi?"

"Nataka uone hilo."

"Kwa nini?"

"Ni zuri." Akaingiza mkono mfukoni haraka haraka, akatoa picha iliyofungwa kwenye nailoni. "Tazama mwenyewe."

Nilifuta mikono kwenye kanga, nikaipokea. Cecil amesimama kwenye majani marefu, amevaa sweta, nyuma yake msitu na chini kabisa ziwa, limetulia kweli kama alivyosema. Lilikuwa zuri. Sikumwambia. Lakini mimi ni fundi, na jicho la fundi haliendi kwenye urembo kwanza, linakwenda kwenye mkato. Ile picha ilikuwa imekatwa. Upande wa kulia pembe zilikuwa za dukani, zimenyooka. Upande wa kushoto mtu alipitisha mkasi butu, kwa haraka, akapinda katikati, akarudisha.

Na hakukata vizuri. Kwenye suruali ya Cecil, pale gotini, palikuwa na vidole vinne vidogo vimeshika kitambaa.

Nilivitazama vile vidole mpaka Mama akaniita jina.

"Cecil," nikasema, "huyu uliyemkata ni nani?"

Rangi ilimtoka. Mng'oko aliokuwa ameushika akaurudisha sahanini.

"Agatha, nilitaka..."

"Nimekuuliza jina. Sikukuuliza ulitaka nini."

"Tusekile," akasema. "Ni binti yangu. Ana miaka mitano."

Mama alisema "Yesu wangu" na kuweka kisu chini. Mjomba aliacha kucheka.

Sikulia. Ningelia mbele ya koti lile? Nilihesabu tu kichwani, maana hesabu zangu mimi si za Tukuyu. Miaka mitano mtoto, na miaka mitano barua zimekatika.

"Kumbe ndiyo sababu," nikasema. "Mimi kila lori la Songea likipita namtuma mtu aulize kama kuna barua. Kila lori! Nilikuwa nakuombea. Nilisema labda amekufa, labda gari limemwangukia karakanani. Kumbe ulikuwa hai, unapigwa picha."

"Niliona haya, Agatha."

"Haya! Mwenye haya angeandika mstari mmoja: nimepata mtoto, usinisubiri. Kalamu shilingi ngapi? Umeniumiza, Cecil. Nasema mbele ya Mjomba, na sioni aibu: umeniumiza, na nilikuwa nakupenda."

Aliinamisha kichwa. Nilifurahi kumwona ameinamisha kichwa, na furaha yenyewe haikuwa na ladha.

"Mama yake yuko wapi?" Mama akauliza.

Ndipo akaeleza. Hakuwahi kumwoa. Mimba ilipoonekana, wazee wa upande ule walimwita, wakamtoza ng'ombe. Akatoa, akidhani ni faini ya kosa lake, kama mtu anavyolipa faini akapewa risiti, mambo yakaisha. Mtoto alipozaliwa akafanya kama anavyofanya mwanamume wa kwetu: akamwendea kaka wa yule msichana, akampa mkono, akamwambia, mtoto wako huyo, wewe ndiye mjomba, mlee. Yeye akawa anapeleka nguo na sabuni, na kumwona siku za Jumapili.

"Ulifanya sawa kabisa," Mjomba Nikolao akasema kwa heshima, ya kwanza siku ile. "Mtoto ni wa wajomba zake."

"Kule sivyo, Mjomba. Yule kaka alidhani nimelewa. Kule ukishatoa ng'ombe, mtoto ni wako, wa baba. Mimi nilidhani nimelipa kosa, kumbe nilikuwa nimemtwaa mtoto. Miaka yote mitano wananiona mwanamume anayekula ugali wake na kumwacha mwanawe kwa watu. Nilikuja kuelewa mwaka huu. Kule mjomba si kitu."

"Mjomba si kitu?" Mjomba alishika mikono ya kiti. "Watu hao wanaishije?"

"Wanaishi, Mjomba."

"Hawaishi. Wanajidanganya." Akageuka, akatazama pembeni, ameudhika kama vile wamemtukana yeye mwenyewe kwa jina.

Cecil akatoa karatasi iliyokunjwa mara nane. Barua ya babu wa mtoto, imeletwa kwa mkono wa dereva wa lori. Mama wa mtoto alikuwa ameolewa Kyela, na mume hataki kulea damu ya mtu mwingine. Babu amezeeka. Cecil aje amchukue mwanawe kabla mvua hazijafunga njia. Asipokuja, watajua ni mtu wa namna gani, na mtoto watamweleza hivyo akikua.

"Kwa hiyo ziwa," nikasema polepole, "lilikuwa chambo."

"Agatha..."

"Siku nne juu ya malori, unipandishe mlima, nisimame pale juu nikishangaa maji, ndipo uniambie: na huyu hapa ni mwanangu, mbebe. Nitafanya nini wakati huo? Nirudi Newala kwa miguu? Ulitaka nifike mahali nisipoweza kukataa."

"Nilifikiri ukimwona utampenda. Nilimpeleka pale mwezi wa sita, nilimbeba mgongoni njia nzima. Alipoona lile ziwa aliniuliza kama ndiyo Newala." Akajifuta uso kwa mkono wa lile koti. "Nilikuwa namsimulia habari za Newala, za huku kwetu. Alidhani tumefika."

Mama alisonya, lakini macho yake yalikuwa yameshalowa.

"Njia ya mwongo fupi," akasema. "Ya kwako ina siku nne, Cecil, na bado umekwama hapa uani kwangu. Ungesema kweli siku ya posa tungekaa tukazungumza. Sasa tutasema nini? Mtoto huyo akija hapa ni wa ukoo upi? Akiumwa, ataitwa nani? Siku akiletewa posa, nani wa kuipokea? Mama yake si mwenzetu."

"Ni wangu, Mama," Cecil akasema.

"Wewe ni baba tu," Mjomba akamkata, hata hakugeuka. "Baba hana ukoo wa kumpa mtu. Na wewe unalijua hilo, ndiyo maana ulimwacha."

Cecil akaikunja upya ile barua. Aliyosema Mjomba yalikuwa maneno yake mwenyewe.

Nilikuwa bado nimeshika picha. Nilitaka kuichana. Nilitaka kumwambia Mjomba atoe jibu, hapana, na mtu huyu arudi Chiwata na vifungo vyake. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Nikaona tena vile vidole. Hakuwa ameshika vizuri, alikuwa ameshika kwa ncha, jinsi mtoto anavyoshika nguo ya mtu asiyejua kama ataruhusiwa.

"Mjomba," nikasema, "nisaidie kuelewa. Kule wanasema mtoto ni wa baba. Sisi tunasema ni wa mama. Baba yake alimwachia mama, mama yake amemwachia baba. Sasa mtoto ni wa nani?"

"Si wa mtu," Mjomba akasema. Alisema kwa dharau, akainua bilauri yake ya uraka, ile pombe ya mabibo, akanywa.

Nimemsikia Mjomba Nikolao akiwadharau watu maisha yangu yote. Amewadharau wakwe, makarani, mapadri, na waganga. Nilikuwa nacheka naye. Siku ile, kwa mara ya kwanza, dharau yake ilinipata mimi, maana na mimi tangu nitue ndoo nilikuwa naitumia ileile, na tulikuwa tumefika nayo mpaka kwa mtoto wa miaka mitano.

"Basi ni wangu," nikasema.

Mama alinitazama kana kwamba nimeanguka.

"Unasema nini, Agatha?"

"Nasema ni wangu. Mnataka mama mwenye ukoo, nipo. Mama yake nitakuwa mimi, kwa hiyo ukoo wake ni huu, na akiumwa ataitwa Mjomba Nikolao. Posa yake atapokea Mjomba Nikolao."

"Mtoto hapatikani kwa kusema," Mjomba akaropoka. "Damu..."

"Mjomba, wewe ndiye mwenye neno kwangu. Umesema hivyo tangu nizaliwe. Sasa lisemwe. Ukikataa, sema mbele ya Mama kwamba kuna mtoto ametajwa uani kwetu akiwa hana pa kwenda, nawe umesema si wa mtu. Kisha kunywa."

Hakunywa. Alikaa na bilauri mkononi, akimtazama Mama, Mama akitazama ming'oko. Kuku alipita akadonoa maganda.

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," Mama akasema mwishowe, taratibu, na sikujua kama ananionya au ananiruhusu.

Mjomba akakohoa. "Ana miaka mingapi, umesema?"

"Mitano, Mjomba," Cecil akajibu haraka.

"Mitano." Akafikiri. "Wamemfundisha kuamkia?"

"Anaamkia vizuri sana, Mjomba."

"Sitamwachia mtu kama wewe akamchukue. Watatudharau. Ukoo hauendi kuchukua mtu wake kwa mkono wa kijana mwenye daftari." Akaweka bilauri chini ya kiti. "Lori la Tunduru huondoka lini?"

"Jumatatu," Cecil akasema.

"Nitakwenda mwenyewe. Na Agatha, kwa kuwa ndiye mama. Huyo babu nitakaa naye chini nimweleze mjomba ni nini. Na hilo ziwa lao msinionyeshe, mimi siendi kuangalia maji."

Akaondoka zake kwenda kutafuta viatu, maana viatu vyake vya safari alimwazima mtu tangu Pasaka. Mama akamfuata akimwambia achukue sweta. Tukabaki wawili uani, mimi na Cecil, kwa mara ya kwanza tangu arudi.

Alinijia. Alipiga magoti mchangani na suruali yake ya kupigwa pasi, machozi yanamtoka waziwazi, akitaka kunishika mikono. Harufu yake ilikuwa ileile, sabuni na grisi kidogo. Nilikuwa nampenda bado, mpumbavu yule, na mimi mpumbavu zaidi yake.

"Agatha, Mungu akubariki. Sijui niseme nini. Jumapili hii tukamwambie padri aandike ndoa, au tuoane tukirudi? Wewe sema tu, mimi..."

Niliondoa mikono yangu.

"Inuka, unajichafua," nikamwambia. "Nimemkubali mtoto. Wewe bado nakufikiria."